Land Rover ya babu: mambo 5 ya kuzingatia kabla hujafikia rangi



Leo tujifunze kupitia gari bovu. Babu alituachia Land Rover 109, Series III ya petroli, toleo la 1982, hapa Bariadi. Enzi zake ilibeba pamba, wagonjwa na maharusi wa kijiji kizima. Alipofariki ikakaa chini ya mwembe miaka 9. Mnunuzi wa chuma chakavu alishafika bei, na nusu ya ukoo walikuwa tayari kuuza. Mimi wakati huo nilikuwa nauza viatu vya mtumba WhatsApp, ufundi wa magari sikuwa nao kabisa. Ila niliyoyapata kwenye kuifufua ndiyo yanayoendesha duka langu leo.

1. KARATASI KWANZA, SPANA BAADAYE
Gari la marehemu si la yule aliyebaki na funguo. Tulikaa kikao cha ukoo, tukaandika muhtasari, tukachukua cheti cha kifo, tukaenda Mahakama ya Mwanzo. Baba mdogo akateuliwa msimamizi wa mirathi. Kwa barua ya mahakama ndipo unaweza kufuatilia TRA kubadili jina kwenye kadi. Ukiruka hatua hii, unaweza kumaliza pesa yako kwenye gari, kisha shangazi akaja kudai fungu lake, na ana haki.
Kwako muuzaji: mtaji wa kuchangiana na ndugu au rafiki, andikeni nani ametoa nini kabla mzigo haujanunuliwa.

2. WEKA KIKOMO CHA PESA
Baba mdogo alisema mbele ya wote, "Ikifika milioni 6 na breki hazijashika, tunauza, na asinune mtu." Tukakubaliana. Hapo ndipo maneno ya ukoo yalipoisha.
Bidhaa mpya unayoijaribu nayo ipe kikomo. Kiandike ukiwa bado na akili tulivu.

3. ANZA NA KINACHOWEZA KUUA, MALIZIA NA KINACHOPENDEZA
Bodi ya Land Rover hizi ni ya alumini, haili kutu kama chuma. Kwa hiyo gari linaweza kukaa vizuri machoni wakati chesisi yake, ambayo ni ya chuma, imeliwa kwa ndani. Fundi aliigonga kwa nyundo ndogo kipande kwa kipande. Chuma kizima kinalia, kilichooza sauti inakufa. Kipande cha nyuma kikakatwa, kikachomelewa kipya.

Zikafuata breki: silinda na mipira yote mipya, hata ile iliyoonekana nzima. Kwenye injini hatukukimbilia kupiga stata. Tulimwaga petroli ya zamani, tukatoa plagi, tukatia oili kidogo kwenye silinda zote 4, tukaacha siku kadhaa, kisha tukaizungusha taratibu kwa hendeli. Injini iliyolala ukiiamsha kwa nguvu, unaweza kukwaruza silinda. Nyaya tulikuta panya wameshakula, tukavuta mpya. Rangi ikabaki ya mwisho.
Wengi wetu tunaanza na rangi: logo, bango, vifungashio. Huku mzigo hauhesabiwi na mteja anasubiri wiki mbili.

4. JUA JINA KAMILI LA UNACHOUZA
Series II mita zake zipo katikati ya dashibodi, Series III zipo mbele ya dereva. Injini ya lita 2.25 za kabla ya 1980 zina beringi kuu 3 za krenki, kuanzia 1980 zikawa 5. Yetu ni ya 5. Nilimpa muuzaji mmoja wa mtandaoni hadi namba ya injini, bado akatuma seti ya 3. Tangazo lake lilisema tu "beringi za Land Rover, original". Mzigo ukarudi kwa basi, siku 12 zikapotea na fundi akahamia kazi nyingine.
Tangazo lako liseme toleo, mwaka, kipimo na upande, na picha ya namba iliyopigwa kwenye kifaa. Mteja wa mbali hawezi kushika, macho yake ni wewe.

5. NAULI NI SEHEMU YA BEI
Spea ya 40,000 kutoka Mwanza, basi 8,000, bodaboda 2,000. Hiyo ni 50,000. Ukiiuza 48,000 umemlipa mteja achukue mzigo wako. Kila senti ya gari iliingia daftarini siku hiyohiyo.

Jumla ilifika 5,380,000. Breki zinashika, gari linabeba choroko, rangi bado. Spea zilizobaki nilizipiga picha nikaziweka mtandaoni, zikaisha, na ndiyo ikawa biashara yangu. Wateja wapo: mwaka 2024 Arusha walifanya tamasha zima la Land Rover. Yule wa chuma chakavu angelipima gari letu kwa kilo.

Kazi ya leo: chukua bidhaa moja tu dukani kwako. Andika jina lake kamili, vipimo, na gharama halisi mpaka inafika mkononi mwako. Halafu angalia bei unayouzia. Ukikuta tofauti, rekebisha leo usiku, usisubiri mwisho wa mwezi.