Giaboksi ya Otomatiki Katika Land Rover ya Zamani: Hesabu Kabla ya Spana

Baiskeli ni chombo kinachofahamika kwa kila mwanafunzi wa Shinyanga, na ndani yake limo somo zima la giaboksi. Tuseme gurudumu la meno la mbele, lile linalozungushwa kwa pedali, lina meno 48, na lile la nyuma lina meno 20. Pedali ikizunguka mara moja, tairi huzunguka mara 48/20, yaani mara 2.4. Ikiwa mzingo wa tairi ni meta 2.2, mzunguko mmoja wa mguu humsogeza mwendeshaji zaidi ya meta tano. Jambo hilo hupendeza sana katika barabara ya lami. Lakini baiskeli hiyo hiyo ikifika kwenye udongo mweusi wa mbuga baada ya mvua, mwendeshaji hushuka na kuisukuma. Hakuna aliyemweleza kanuni ya fizikia. Miguu yake imemwambia kwamba mwendo ulioongezwa na meno umelipwa kwa kani iliyopungua.

Baiskeli, basi, imejengwa katika hali ambayo mafundi wa magari huiita ovadraivu: mhimili unaotoka huzunguka haraka kuliko mhimili unaoingia. Katika gari la kawaida la zamani hali hiyo haikuwapo. Gia ya juu kabisa ilikuwa ya moja kwa moja, mzunguko mmoja wa injini kwa mzunguko mmoja wa propela. Siku hizi giaboksi za otomatiki zenye gia nne, ambayo ya nne ni ovadraivu, hupatikana katika masoko ya spea zilizotumika kutoka Japani, na wenye magari makuukuu huvutiwa nazo. Makala haya yanachunguza badiliko hilo kwa kutumia gari moja, Land Rover Series III yenye inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, iliyotengenezwa tangu 1971 hadi 1985, ambayo imebeba watu, pamba na mawe katika sehemu nyingi za Tanzania. Giaboksi inayokusudiwa ni ya jamii ya A340, iliyotengenezwa tangu miaka ya 1980 na kutumika katika magari kama Toyota Hilux Surf.

Kwanza zitazamwe namba. Giaboksi ya asili ya Land Rover hiyo ina uwiano wa 3.68 katika gia ya kwanza, 2.22 katika ya pili, 1.50 katika ya tatu na 1.00 katika ya nne. Nyuma yake ipo giaboksi ndogo yenye ngazi mbili: 1.148 kwa mwendo wa kawaida na 2.35 kwa kazi nzito. Kisha huja difu yenye uwiano wa 4.7. Kwa hiyo katika gia ya nne injini huzunguka mara 1.148 × 4.7, yaani takriban mara 5.4, kwa kila mzunguko mmoja wa tairi. Tairi lenye mzingo wa meta 2.4, likienda kilometa 80 kwa saa, huzunguka mara 556 kwa dakika. Injini basi huzunguka mara 3,000 kwa dakika, na yeyote aliyesafiri katika gari hilo kutoka Tinde hadi Kahama anaujua mngurumo wake.

Giaboksi ya A340 ina 2.804, 1.531, 1.000 na ovadraivu ya 0.705. Mwendo ukiwa ule ule wa kilometa 80, mizunguko ya injini hushuka hadi 2,115 hivi. Mngurumo hupungua, na pistoni husafiri umbali mdogo zaidi kwa kila kilometa. Hapo ndipo mwenye gari huanza kupiga hesabu ya akiba ya petroli, na hapo ndipo hukosea. Mizunguko imepungua kwa asilimia 30, lakini petroli haipungui kwa kiasi hicho. Kazi inayofanywa na tairi dhidi ya upepo na barabara haikubadilika hata kidogo. Kinachookolewa ni sehemu tu ya hasara zilizomo ndani ya injini yenyewe: msuguano wa pistoni na beringi, na nguvu inayopotea injini inapovuta hewa kupitia mlango wa kabureta uliofunguliwa kidogo. Akiba ipo, ila si ile inayodhaniwa.

Ovadraivu hiyo hupatikanaje bila gia kubadilishwa kwa mkono? Ndani ya giaboksi ya otomatiki gia hazitelezi ili kukutana na kuachana. Hukaa zimeshikana daima, katika mpango unaofanana na jua na sayari zake. Katikati ipo gia ya jua. Kuizunguka zipo gia ndogo za sayari, zilizoshikwa na fremu moja. Na nje ya zote ipo gia ya pete, yenye meno kwa ndani. Tuchukue mfano wa jua lenye meno 30 na pete yenye meno 72. Jua likizuiliwa lisizunguke, na injini ikaizungusha fremu ya sayari mara moja, pete huzunguka mara (72 + 30)/72, yaani mara 1.417. Kinyume chake, 72/102, ni 0.706, karibu sawa na uwiano uliotajwa hapo juu. Jua likiachiliwa na kufungwa pamoja na fremu, seti nzima huzunguka kama kipande kimoja na uwiano huwa 1.00. Kinachozuia au kuachilia ni breki na klachi ndogo zinazobanwa kwa shinikizo la mafuta. Mwalimu anaweza kuunda mfano wa mpango huu kwa kadibodi ngumu. Sayari zitahitaji meno 21 kila moja, nusu ya tofauti ya 72 na 30.

Mahali pa klachi ya mguu hukaa kigeuzi cha kani, chombo cha mviringo kilichojaa mafuta. Asili yake ni kazi ya Mjerumani Hermann Föttinger, aliyekisajili mwaka 1905 kwa ajili ya mitambo ya meli. Injini huzungusha feni moja, mafuta hurushwa kwenye feni ya pili, na kati yao ipo feni ya tatu inayoyageuza mafuta yarudi kwa mwelekeo unaosaidia. Gari likiwa limesimama na injini inakazana, kani ya kuzungusha inaweza kutoka ikiwa imeongezeka kufikia karibu mara mbili. Zawadi hiyo hailetwi bure. Feni mbili zinapotofautiana mwendo, sehemu ya nguvu hubaki ndani ya mafuta na kuwa joto.

Sasa gari letu lipelekwe kazini. Nyanda hizi ziko juu: uso wa Ziwa Viktoria wenyewe uko meta 1,134 juu ya usawa wa bahari, na miji ya Shinyanga na Geita haiko chini ya hapo. Hewa ni nyepesi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, na injini isiyo na kipulizio cha hewa hupoteza nguvu kwa kadiri hiyo. Injini ya petroli ya lita 2.25, ambayo pwani hutoa takriban nyutonimita 161, hapa yafaa ihesabiwe kuwa na 140. Ikipita katika gia ya moja kwa moja, na tukitoa asilimia 15 kwa msuguano wa njiani, tairi hupata 140 × 5.4 × 0.85, yaani nyutonimita 642. Katika ovadraivu hupata 453 tu.

Katika lami iliyo tambarare, kilometa 80 kwa saa, upepo huizuia Land Rover kwa kani ya nyutoni 460 hivi. Gari likiwa na mzigo wake kamili, tuseme kilo 2,700, tairi huongeza nyutoni 405 za ukinzani. Jumla ni 865, na kwa kuwa nusu kipenyo cha tairi ni meta 0.38, zinahitajika nyutonimita 329. Injini inazo 453. Ziada ya 124 ni sawa na kani ya nyutoni 326 barabarani, nayo inatosha kupanda mwinuko wa meta 1.2 kwa kila meta 100. Mwinuko wa namna hiyo jicho halioni! Ukizidi hapo, giaboksi hulazimika kurudi gia ya tatu. Mwinuko ukiisha, hupanda tena ya nne. Na katika nchi yenye mawimbi madogo madogo, kama ile ya kuelekea Geita, hushuka na kupanda bila kukoma. Kila badiliko huzitelezesha klachi na kuongeza joto. Gari tupu, lenye kilo 1,700, lina nafuu: mwinuko wake ni karibu meta 2.8 kwa 100. Dereva mwenye busara aliyepakia huzima ovadraivu kwa swichi yake, lakini akiizima safari nzima amebaki na gari lile lile alilokuwa nalo.

Hali ni ngumu zaidi nje ya lami. Wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Rwamgasa na kwingineko husafirisha viroba vya mawe kutoka kwenye maduara hadi kwenye makarasha, mara nyingi kwa njia za udongo zenye miinuko mikali. Mwinuko wa moja kwa kumi huidai Land Rover yetu nyutoni 2,700 kwa uzito na takriban 1,080 kwa ukinzani wa udongo. Jumla hiyo ni nyutonimita 1,436 katika tairi, mara 2.24 ya ile 642. Gia ya pili ya asili, 2.22, inakaribia na kushindwa. Dereva huingiza ya kwanza. Ovadraivu hapa haina kazi yoyote.

Lakini hatari kubwa imo ndani ya mafuta. Gari likipanda mwinuko huo kwa kilometa 10 kwa saa, tairi hutumia kilowati 10.5. Ikiwa kigeuzi kinateleza na kupitisha sehemu 6 tu kati ya 10 za nguvu, na zile asilimia 15 za msuguano zikaongezwa, injini italazimika kutoa kilowati 20.6 hivi, na kilowati 8 zitakuwa joto ndani ya giaboksi. Mafuta yake yakiwa lita 8, uzito wake ni kama kilo 6.8, na kilo moja huhitaji kilojuli 2 hivi ili joto lake lipande kwa nyuzi moja ya Selsiasi. Gawanya 8 kwa 13.6: joto hupanda kwa karibu nyuzi 0.6 kila sekunde. Bila kupoozwa, mafuta yaliyokuwa na nyuzi 80 hufika 130 kabla ya dakika moja na nusu. Juu ya 120 mafuta huanza kuharibika na kuacha utando; baadaye mpira wa sili hukakamaa, shinikizo hupungua, na klachi zinazoteleza hujiunguza zenyewe. Rejeta husaidia, ila gari linalotambaa halipati upepo wa kutosha. Kipoozeo cha pili cha mafuta, chenye feni yake, si pambo. Na giaboksi ndogo iingizwe kwenye 2.35 kabla ya kupanda, ili feni ya pili izunguke haraka na utelezi upungue.

Kuna madai mengine ambayo fundi hukutana nayo akiwa chini ya gari. Difu za Land Rover hii haziko katikati, ziko upande wa kulia, nayo giaboksi ndogo ya asili imepangwa kuzilingana. Hivyo yapaswa ibaki na iunganishwe kwa sahani na mhimili vilivyochongwa kwa usahihi. Giaboksi nyingi za A340 huongozwa na kompyuta, kwa hiyo zinunuliwe pamoja nayo, nyaya na vihisi vyake. Kamba ya eksileta inayokwenda kwenye giaboksi ndiyo inayopanga shinikizo la mafuta. Ikilegea, klachi huteleza, na giaboksi nzima yaweza kuungua kwa kosa la milimita chache.

Halafu kuna hafu-shafti. Kwa giaboksi ya asili, kani kubwa kabisa inayoweza kufika kwenye ekseli ni 161 × 3.68 × 2.35 × 4.7, yaani nyutonimita 6,544. Kwa giaboksi mpya, kigeuzi kikizidisha mara mbili, ni 161 × 2 × 2.804 × 2.35 × 4.7: karibu 10,000. Hafu-shafti za Land Rover hizi zilikuwa na sifa ya kukatika hata kabla ya kuongezewa mzigo huo.

Katika mteremko suala si la spea tena. Gari la gia za mkono, likiwa katika gia ya kwanza, huzuiliwa na injini yake. Lile la otomatiki, mkono wake ukiachwa katika D, hukimbilia gia za juu kadiri mwendo unavyozidi, na kigeuzi hurudisha kizuizi kidogo tu kwenye injini. Breki za ngoma hupata moto, na zikishapata moto hazishiki. Mkono wa gia na uwekwe kwenye L juu ya kilima, kabla ya gari kuanza kuteremka, hasa pale ambapo watu wameketi juu ya viroba.

Kwa mwenye Land Rover anayesafiri zaidi katika lami akiwa na mzigo mwepesi, ipo njia ya tatu ambayo husahauliwa. Kampuni ya Fairey ya Uingereza ilitengeneza ovadraivu ndogo yenye uwiano wa 0.782, inayofungwa nyuma ya giaboksi ndogo bila kugusa klachi wala injini. Wanafunzi watafute mizunguko ya injini kwa kilometa 80 kwa saa wakitumia uwiano huo, kisha wakadirie mwinuko mkubwa kabisa ambao gari lenye kilo 2,700 litaupanda bila kuiondoa ovadraivu. Majibu ni takriban mizunguko 2,345 kwa dakika, na meta 1.7 kwa kila meta 100.