Kuandika Anwani za Kadi za Harusi

Mtu aalikwapo harusini, kitu cha kwanza akionacho si siku wala mahali pa karamu, bali ni jina lake juu ya bahasha. Likiandikwa vibaya hudhani kuwa amedharauliwa, na ugomvi wa ukoo huweza kuanzia hapo. Basi yafaa kila mwenye harusi ayaangalie mambo haya manne.

Kwanza, cheo. Tangulizeni cheo kinachompasa mtu, na kimoja chatosha. Aliyekwisha kuhiji Maka huandikwa Alhaji. Wengine ni Sheikh, Padre, Mchungaji au Mwalimu. Asiye na cheo ni Bwana au Bibi.

Pili, jina. Liandikwe jina lake na la baba yake. Neno "Mjomba" au "Mama Fulani" ni tamu mdomoni, lakini kijijini wamo wajomba wengi, na kadi yaweza kupotea njia. Maneno ya ujamaa na yawekwe ndani ya kadi.

Tatu, wanaoalikwa. Ukiandika "Bwana Fulani" peke yake, mkewe hakualikwa. Ukiandika "Bwana na Bibi Fulani", umewaalika wawili. Ukiongeza "na watoto", basi pika chakula cha kutosha. Siku hizi katika Tanzania kadi nyingi huonyesha kama ni ya mtu mmoja au ya watu wawili: neno hilo lisipingane na bahasha. Kwa mwenye wake wawili, "Bwana na Bibi" huleta fitina nyumbani, maana kila mmoja atauliza Bibi huyo ni yupi. Kila mke na apate kadi yake kwa jina lake. Mjane naye aandikwe jina lake mwenyewe, wala lisiandikwe neno "mjane", ili kadi ya furaha isimkumbushe msiba.

Nne, mahali. Barua za posta huku kwetu aghalabu huwekwa sandukuni, hazipelekwi mlangoni. Asiye na sanduku huandikiwa kwa sanduku la shule au la kanisa, kwa ruhusa ya wenyewe, namna hii:

Bwana na Bibi Fulani bin Fulani,
Kwa mkono wa Mwalimu Mkuu,
S.L.P. (nambari yake),
Tukuyu.

Lakini wazee wa ukoo, na hasa wale waliosimamia posa na mahari, wasipelekewe kwa posta ikiwa wakaa karibu. Mtumeni mtu mwenye adabu, aitoe kadi kwa mikono miwili na kuueleza ujumbe kwa kinywa chake.

Mwisho, kabla ya kufunga bahasha, someni majina yote mbele ya mzee mmoja wa upande wa bwana arusi na mmoja wa upande wa bibi arusi. Wao ndio wajuao nani amesahauliwa. Mzee aliyeachwa nje ya orodha haridhishwi kwa sahani ya pilau iliyopelekwa kesho yake.