Mada ya 7: Wastani wa Pato na Hali Halisi ya Maisha

Swali: "Wastani wa pato la kila mtu si kipimo kamili cha hali ya maisha ya wananchi." Jadili.

Maana
Chukua Pato la Ndani la Taifa, yaani thamani ya bidhaa na huduma zote zilizozalishwa nchini kwa mwaka, kisha gawanya kwa idadi ya watu.

Ubora wake
Usikikatae kipimo hiki moja kwa moja. Nchi yenye pato kubwa ina uwezo zaidi wa kujenga shule, hospitali na barabara. Hata hivyo, kuwa na uwezo si sawa na kuutumia.

Upungufu wake

1. *Huficha tofauti za kipato.* Kijiji kina watu 10. Tisa wanapata shilingi milioni 1 kila mmoja kwa mwaka. Wa kumi anapata milioni 91. Jumla ni milioni 100, wastani milioni 10. Watu tisa kati ya kumi hawaufikii wastani huo hata kidogo.

2. *Hakionyeshi fedha zinakwenda kwa nani.* Guinea ya Ikweta ilianza kuchimba mafuta kwa wingi miaka ya 1990, na wastani wa pato ukawa miongoni mwa ya juu kabisa Afrika. Lakini faida nyingi zilikwenda kwa kampuni za kigeni na viongozi wachache, huku wananchi wengi wakikosa maji safi.

3. *Huacha kazi zisizolipwa,* kama kupika, kufua na kulea watoto nyumbani.

4. *Hakipimi afya wala elimu.* Wastani wa pato wa Costa Rica ni mdogo sana kuliko wa Marekani, lakini watu wake huishi miaka mingi sawa na Wamarekani, au zaidi. Nchi hiyo ilivunja jeshi lake mwaka 1948 na kuwekeza katika elimu na afya.

Kipimo kipana zaidi
Tangu mwaka 1990, UNDP hutoa Kipimo cha Maendeleo ya Binadamu, kinachojumuisha umri wa kuishi, elimu na pato.

Zingatia
Neno "Jadili" linadai pande zote mbili. Ukitaja upungufu pekee, utapoteza alama. Hitimisha kwa msimamo: pato huonyesha ukubwa wa chungu, halionyeshi nani amepakuliwa.

Jipime
Katika kijiji cha hapo juu, tajiri akiongeza milioni 20, wastani mpya ni upi? Maisha ya wale tisa yamebadilikaje?