Vijitabu vya Wachuuzi na Vitabu vya Awali vya Watoto: Suala la Ukusanyaji na Nafasi Yake katika Taaluma ya Lugha

Ikisiri

Makala haya yanajadili ukusanyaji wa vijitabu vya bei nafuu vilivyouzwa na wachuuzi huko Uingereza kati ya karne ya 17 na ya 19, pamoja na vitabu vya kwanza vilivyochapwa kwa ajili ya watoto. Hoja kuu ni kwamba maandishi yaliyopendwa na wengi ndiyo yaliyopotea zaidi, na kwamba kilichosalia kimesalia kwa sababu ya watu wachache waliokithamini kabla ya vyuo kukithamini. Mwishoni, makala yanaonesha funzo linalopatikana hapo kwa ajili ya vitabu vya awali vya Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Mtaalamu wa lugha anapotaka kujua watu wa zamani walisoma nini, aghalabu huelekea kwenye vitabu vikubwa vyenye jalada la ngozi. Hata hivyo, vitabu hivyo vilisomwa na wachache. Mkulima, mtumishi wa nyumbani na mtoto wa fundi walisoma kitu kingine: kijitabu cha kurasa chache, kisicho na jalada gumu, kilichonunuliwa kwa peni moja au chini ya hapo kutoka kwa mchuuzi aliyepita mlangoni na kikapu chake. Kwa Kiingereza kijitabu hicho huitwa chapbook. Msomaji wa Kiswahili asije akalihusisha neno hili na neno chapa, kwani mfanano huo ni wa bahati tu. Neno la Kiingereza linatokana na neno la kale lenye maana ya biashara, ilhali chapa ya Kiswahili ina asili ya Kihindi.

2.0 Sifa za Vijitabu Hivyo

Kijitabu cha mchuuzi kilitengenezwa kwa njia rahisi. Karatasi moja kubwa ilipigwa chapa pande zote mbili, kisha ikakunjwa hadi zikapatikana kurasa 8, 12, 16 au 24. Picha zake zilichongwa kwenye vibao vya mti, na kibao kimoja kiliweza kutumika katika hadithi nyingi kwa miaka mingi. Kwa hiyo si ajabu kuona sura moja ikiwa mfalme katika hadithi hii na jambazi katika hadithi ile.

Yaliyomo yalikuwa ya aina nyingi: visa vya mashujaa kama Guy of Warwick na Robin Hood, hekaya za Tom Thumb na Jack aliyeua majitu, utabiri, mizaha, nyimbo na mafundisho ya dini. Vijitabu hivi havikuandikwa kwa ajili ya watoto peke yao, lakini watoto walivisoma sana. Ndiyo maana wataalamu wa fasihi ya watoto huvihesabu kuwa miongoni mwa mizizi ya fasihi hiyo.

Kitabu kinachotajwa mara nyingi kuwa mwanzo wa biashara ya vitabu vya watoto ni A Little Pretty Pocket-Book, kilichotolewa na John Newbery mjini London mwaka 1744. Kiliuzwa kwa peni 6. Aliyeongeza peni 2 alipata na mpira kwa mtoto wa kiume, au kifuko cha kuchomekea pini kwa mtoto wa kike. Hapana nakala yoyote ya toleo la kwanza inayojulikana kuwapo. Ya zamani zaidi iliyosalia ni ya mwaka 1760. Hali kadhalika, Tommy Thumb's Pretty Song Book, mkusanyo wa nyimbo za watoto wa wakati huohuo, umesalia kwa nakala chache mno za juzuu ya pili. Juzuu ya kwanza haijapatikana.

3.0 Kwa Nini Vilipotea

Sababu ya kwanza ni matumizi. Kitabu cha mtoto hubebwa, hulalwa nacho, hupakwa uji na huchanwa. Sababu ya pili ni dharau. Kijitabu cha peni moja kilipokwisha kusomwa, karatasi yake ilifungia vyakula au kuwashia moto. Waliokuwa na maktaba waliona aibu kukiweka rafuni. Mdharau mwiba mguu huota tende: karne mbili baadaye, vyuo vilitafuta ushahidi wa lugha na fikra za watu wa kawaida, vikakuta karibu kila kitu kimekwisha kuteketea.

Hapa kuna jambo linalopaswa kuzingatiwa na kila mtafiti. Nakala iliyo safi ni nakala ambayo huenda haikusomwa. Vitabu vilivyopendwa kupita kiasi vilisomwa hadi vikaisha. Kwa hiyo, akiba iliyomo katika maktaba haitoi picha kamili ya mapenzi ya wasomaji. Wakati mwingine inatoa picha iliyopinduka.

4.0 Wakusanyaji

Miongoni mwa wakusanyaji wa mwanzo ni Samuel Pepys (1633–1703), ofisa wa utawala wa jeshi la wanamaji la Uingereza. Pepys alinunua vijitabu vya mitaani, akavipanga kwa mada, akavijalidi pamoja. Juzuu alizoziita Penny Merriments zilihusu burudani, na ile ya Penny Godlinesses ilihusu dini. Maktaba yake ilipelekwa katika Chuo cha Magdalene, Cambridge, mwaka 1724, kwa sharti kwamba isiongezwe wala isipunguzwe. Sharti hilo ndilo lililoviokoa vijitabu hivyo, kwani vilisimama pamoja na vitabu vya thamani bila mtu kuruhusiwa kuvitenga.

Mfano wa pili ni James Boswell. Mwaka 1763, akiwa kijana wa miaka 22, alikwenda kwenye kiwanda cha chapa cha akina Dicey, eneo la Bow Church Yard, London, kutafuta hadithi alizozipenda utotoni. Alinunua vijitabu kadhaa, akavijalidi na kuvipa jina la Curious Productions. Leo vimo katika Chuo Kikuu cha Harvard.

Katika karne ya 20, kazi hii ilichukua sura ya kitaaluma zaidi. Edgar Osborne, mkutubi wa Derbyshire, alivutiwa na huduma za watoto za maktaba ya umma ya Toronto alipoitembelea mwaka 1934. Mwaka 1949 aliitunukia maktaba hiyo vitabu vipatavyo 2,000 kwa kumbukumbu ya mkewe. Nao Peter na Iona Opie, ambao hawakuwa wahadhiri wa chuo chochote, walikusanya vitabu vya watoto sambamba na kurekodi nyimbo na michezo ya watoto wenyewe. Kamusi yao ya nyimbo za watoto ilitoka mwaka 1951. Baada ya kifo cha Peter mwaka 1982, mkusanyo wao wa vitu vipatavyo 20,000 ulikwenda katika Maktaba ya Bodleian, Oxford, mwaka 1988, kwa nusu ya thamani yake ya paundi milioni 1. Fedha hizo zilipatikana kwa mchango wa umma.

5.0 Namna ya Kukadiria Umri

Vijitabu vingi havina mwaka wa kuchapwa. Mkusanyaji hutegemea dalili nne. Ya kwanza ni jina na anwani ya mchapaji, kwani wachapaji walihama na kurithiana. Ya pili ni maumbo ya herufi: ile s ndefu inayofanana na f ilianza kuachwa na wachapaji wa London mwishoni mwa karne ya 18. Ya tatu ni karatasi. Tangu mwaka 1794, kwa sababu za kodi, watengenezaji wengi wa Uingereza walianza kutia mwaka katika alama inayoonekana karatasi inapoelekezwa kwenye mwanga. Ya nne ni uchakavu wa vibao vya picha. Ikiwa nakala mbili zina picha moja, ile yenye ufa mkubwa zaidi kwa kawaida ndiyo iliyochapwa baadaye.

Dalili moja pekee haitoshi. Mchapaji maskini wa mkoani aliweza kutumia herufi kuukuu miaka mingi baada ya London kuziacha. Hivyo ni sharti dalili zikubaliane ndipo mwaka ukadiriwe.

6.0 Funzo kwa Kiswahili

Suala hili lina uhusiano wa moja kwa moja na vitabu vya Kiswahili. Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864, alikusanya hadithi za wenyeji na kuzichapisha London mwaka 1870. Baada ya hapo vilifuata vitabu vya kusomea vya misheni, vijitabu vya hadithi na vitabu vya shule za serikali, ikiwamo tafsiri kama Kisiwa chenye Hazina ya mwaka 1929. Vitabu vilivyotangulia mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, uliokichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, vina thamani ya pekee. Humo mnaonekana lahaja, tahajia na msamiati kabla havijasawazishwa.

Hatari inayovikabili ni kubwa kuliko iliyovikabili vijitabu vya Uingereza. Karatasi ya karne ya 18 ilitengenezwa kwa matambara ya kitani na pamba, nayo hudumu. Karatasi nyingi za tangu nusu ya pili ya karne ya 19 zilitengenezwa kwa rojo la miti, zina asidi, na hugeuka njano na kuvunjika zenyewe. Kwa hiyo kijitabu cha mchuuzi cha mwaka 1750 chaweza kuwa imara kuliko kitabu cha shule cha mwaka 1930. Ukiongeza joto, unyevu wa pwani na mchwa, ni dhahiri kuwa muda uliobaki si mwingi.

Mkusanyaji anapaswa kufuata kanuni chache. Aandike kilipopatikana kila kitabu na tarehe, kama Peter Opie alivyoweka daftari la vitabu vilivyoingia mikononi mwake. Asifute majina ya watoto wala michoro yao pembezoni, kwani huo ni ushahidi wa msomaji. Asitumie utepe wa gundi kuunganisha kurasa. Akihifadhi kitabu mahali pakavu pasipo jua, ndani ya kisanduku kisicho na asidi. Aidha, atengeneze nakala ya picha kabla ya karatasi kukatika.

7.0 Hitimisho

Imeonekana kwamba vijitabu vya wachuuzi havikuokolewa na bei yake wala na sifa za waandishi wake, ambao wengi hawajulikani. Viliokolewa na watu waliokubali kuweka rafuni kile ambacho wengine walikitupa. Vitabu vya awali vya Kiswahili bado vimo katika masanduku ya walimu wastaafu, katika stoo za shule kongwe na katika nyumba za misheni. Idara za Kiswahili zina wanafunzi wanaorudi makwao kila likizo. Wakipewa jukumu la kuuliza, kuandika na kunakili walichokuta, kazi itakuwa imeanza. Vinginevyo, mtafiti wa kesho atasoma historia ya lugha hii katika vile vitabu tu ambavyo hakuna mtoto aliyevifungua.