Hita ya Gesi Bafuni: Hewa ni Jukumu la Mwenye Nyumba

Msomaji mmoja wa Ruaka, Kaunti ya Kiambu, ameniandikia barua ambayo ningependa kila mpangaji aisikie. Yeye na mkewe wamepanga nyumba ya chumba kimoja cha kulala, ghorofa ya tatu, kwa shilingi 18,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba aliondoa shawa za umeme katika jengo zima akafunga hita za gesi ndani ya bafu za wapangaji. Mtungi unakaa jikoni, mpira umetobolewa njia ukutani. Dirisha dogo la bafu lilikuwa likitazama kiwanja kitupu, lakini sasa jirani amejenga na ukuta wake uko karibu kiasi kwamba ukinyoosha mkono unaugusa. Mwezi Julai, baridi ikiwa kali, mkewe alianguka akioga. Hospitalini alipewa dawa za malaria. Wiki mbili baadaye kichwa kikamwuma tena na kizunguzungu kikarudi, bafuni mle mle.

Alipolalamika, keateka alimwambia waoge mlango ukiwa wazi. Mwenye nyumba naye alimfungulia mkataba akamwonyesha mstari usemao kwamba mpangaji atawajibika kwa vifaa vyote vilivyomo ndani ya nyumba. Msomaji anauliza mambo mawili: je, mzigo huu ni wake? Na je, anaweza kukata kodi ya mwezi ujao alipe fundi atoboe matundu ya hewa?

La kwanza: hapana, mzigo si wake. La pili: asithubutu, na nitaeleza kwa nini.

Tuanze na huo mstari wa mkataba, kwa kuwa ndio unaowanasa wengi. Kifungu cha 65 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinaingiza ahadi kadhaa za mwenye nyumba katika kila mkataba wa upangaji, ziwe zimeandikwa au hazikuandikwa. Mojawapo ni kwamba nyumba, fleti au chumba kinachokodishwa kinafaa kukaliwa na binadamu siku ya kuingia, na kitaendelea kutunzwa kiwe hivyo muda wote wa upangaji. Nyumba ambayo mtu akioga dakika kumi anazimia haifai kukaliwa na binadamu. Kuwajibika kwa vifaa maana yake ni usivunje koki, usipasue kioo, ukipoteza ufunguo ulipe. Hakumgeuzi mpangaji kuwa mhandisi wa jengo asilolijenga, wala hakumpi jukumu la hita aliyoikuta au aliyofungiwa na mwenyewe mwenye jengo. Nimeona mikataba mingi ya namna hii, mingi imenakiliwa kutoka jengo moja hadi jingine pamoja na makosa yake ya tahajia, na wapangaji wanaisoma kana kwamba imeshuka kutoka mbinguni.

Je, kama hita umeinunua na kuifunga mwenyewe? Hapo hali yako ni dhaifu zaidi, na sitakudanganya. Kama hukuomba ruhusa, mwenye nyumba atasema madhara umejiletea, na hakimu huenda akamsikiliza. Lakini hata hapo, dirisha lililozibwa na matundu ya hewa yaliyopigwa plasta wakati wa ukarabati ni mambo ya jengo, si ya hita. Omba ruhusa kwa maandishi kabla ya kununua, hata kama ni kwa ujumbe wa simu, na uulize waziwazi: hewa ya bafu hili inaingilia wapi na moshi utatokea wapi? Jibu lake litunze.

Sasa nieleze kinachoua, maana bila kukielewa huwezi kujieleza mbele ya afisa yeyote. Watu wanaogopa harufu ya gesi. Harufu hiyo imewekwa kwa makusudi, kwa sababu gesi ya kupikia yenyewe karibu haina harufu, na hutiwa kemikali inayonuka ili uvujaji ugundulike. Kwa hiyo mtu akiingia bafuni asisikie harufu, anajiona salama. Kumbe hatari kubwa ya hita inayowaka haitokani na gesi inayovuja. Inatokana na gesi inayoungua vibaya kwa kukosa hewa. Hapo huzalishwa kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi, haina harufu, haikereketi koo. Inashikamana na damu kwa nguvu zinazozidi zile za oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kichefuchefu, miguu inalegea, na kabla hajaufikia mlango ameshaanguka. Dalili zake zinafanana na za malaria au uchovu, na ndiyo maana mke wa msomaji wetu alipewa dawa za ugonjwa mwingine.

Piga hesabu ya bafu lenyewe. Bafu nyingi za hizi nyumba mpya zina upana wa mita moja na nusu, urefu vivyo hivyo, na kimo cha mita mbili na nusu. Hiyo ni hewa isiyofika mita za ujazo sita. Kilo moja ya gesi ya mtungi inahitaji takriban mita za ujazo 12 za hewa ili iungue sawasawa. Hita ya kawaida ya kilowati 12 hula karibu kilo moja kwa saa. Maana yake ni kwamba kwa dakika kumi za kuoga, mlango ukiwa umefungwa na dirisha limezibwa, hita hiyo inahitaji hewa inayolingana na theluthi ya bafu zima, huku na wewe unavuta hiyo hiyo. Moto unaanza kubadilika kutoka buluu kuwa manjano, masizi yanaonekana juu ya hita. Ukiyaona hayo, zima na utoke.

Hita ya aina hii mahali pake ni nje: kwenye roshani iliyo wazi au ukuta wa nje, na bomba la maji moto ndilo linaloingia bafuni. Ikibidi iwe ndani, iwe ile iliyofungwa kabisa, inayovuta hewa kutoka nje na kutoa moshi nje kwa bomba lake. Bomba hilo lisiishie kwenye dari au kwenye korido. Kuna mafundi wanaoishia hapo kwa sababu kutoboa ukuta wa zege ni kazi, na kuna majengo ambako mabomba ya wapangaji wanne yanatolea kwenye shimo moja jembamba kati ya majengo mawili, moshi wa jirani wa chini unakuingilia wewe wa juu dirishani. Chumba chenye kifaa cha gesi kinatakiwa kiwe na matundu mawili yasiyoweza kufungwa, moja juu na moja chini karibu na sakafu, kwa kuwa gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na ikivuja hujikusanya chini. Feni ya kutolea hewa haitoshi. Katika nyumba iliyozibwa pande zote, feni inaweza hata kuvuta moshi wa hita urudi ndani. Nyumba za zamani zilikuwa na matundu ya zege juu ya kila dirisha. Siku hizi wenye nyumba wanayaacha kwenye michoro ili wapate idhini, kisha hayaonekani kwenye ukuta.

Msomaji wetu aanze na barua. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inahesabu jengo lenye hali inayohatarisha afya kuwa kero inayokatazwa. Afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo ana uwezo wa kumpa mwenye nyumba notisi ya kuiondoa kero hiyo, na akikaidi, kumfikisha kwa hakimu. Andika malalamiko, ambatisha picha za hita, dirisha na ukuta wa jirani, taja tarehe mkeo alipoanguka. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Usikubali kuambiwa uende tu nyumbani, afisa atapita. Afisa atapita, ndiyo, na mara nyingi atapitia kwenye gari la mwenye nyumba, azungumze naye dakika tano vioo vikiwa vimepandishwa, kisha aondoke bila kupanda ngazi hata moja. Hili linafanyika mchana kweupe, na wanaolifanya wanajua kwamba mwenye kupoteza maisha hatarudi kuwashtaki. Nakala yenye muhuri ndiyo itakayomfuata. Zikipita wiki mbili kimya, andika tena ukiomba nakala ya ripoti ya ukaguzi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu, na ikikaa kimya unaipeleka mbele ya Tume ya Haki ya Utawala. Kwa sheria hiyo hiyo unaweza kuiomba kaunti ikuonyeshe michoro iliyoidhinishwa na hati ya kuruhusu jengo likaliwe. Afisa akidai chochote ili apande ngazi, hilo ni kosa chini ya Sheria ya Hongo ya 2016, na lina mlango wake EACC, tume ya kupambana na ufisadi.

Kuna jambo moja ambalo familia nyingi zimelikosa kwa uchungu, na kesi zikafia hapo. Ushahidi wa kaboni monoksaidi hauchelewi kupotea. Ukiwa unavuta hewa ya kawaida, kiasi chake katika damu hupungua nusu ndani ya saa nne hadi sita. Ukiwekewa oksijeni safi, ndani ya saa moja hivi. Kwa hiyo mwathiriwa akifikishwa hospitalini, mwambie daktari wazi: alikuwa karibu na hita ya gesi, naomba damu itolewe sasa ipimwe kaboni monoksaidi. Kile kifaa cha kubana kidoleni kinaweza kuonyesha oksijeni iko sawa huku mtu anakufa. Matibabu yasisubiri majibu, lakini damu itolewe mapema. Na Mungu apishie mbali, mtu akifariki, msiharakishe mazishi bila uchunguzi wa maiti unaojumuisha kipimo hicho. Piga ripoti polisi, chukua nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, piga picha hita kabla haijaguswa. Nimefuatilia visa ambapo fundi wa mwenye nyumba alifika alfajiri, akaing'oa hita na kuziba tundu kwa simenti, na polisi wakaandika tu kifo cha ghafla. Kuharibu ushahidi ni kosa la jinai, na mlitaje kwa jina hilo mkiandikisha taarifa.

Madai ya kuumia au kifo yana ukomo: miaka mitatu. Madai yasiyozidi shilingi milioni moja, kama gharama za hospitali na siku za kazi zilizopotea, yanaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambako huhitaji wakili. Vivyo hivyo kwa aliyelala nyumba ya wageni ya kulipia usiku: mwenye mahali anadaiwa uangalizi na usalama wa mgeni kwa Sheria ya Dhima ya Wakalia Majengo, na Ibara ya 46 ya Katiba inampa mlaji haki ya usalama, ya kupewa taarifa na ya kufidiwa.

Na sheria yenyewe? Inaniudhi. Baraza la kusuluhisha wapangaji na wenye nyumba linashughulikia nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Niambieni ni Ruaka ipi, Roysambu ipi, ambako bafu lenye hita linakodishwa kwa 2,500. Kiwango hicho kimeachwa nyuma na maisha kwa miongo, na mpangaji wa kawaida anasukumwa kwenye mahakama ya hakimu, ambako mwenye nyumba ana wakili na yeye ana nauli. Kuhusu gesi, serikali inashughulika na mtungi hadi mlangoni. EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, inatoa leseni kwa wanaojaza, wanaosafirisha na wanaouza, na hata huko tuliona Embakasi, Nairobi, usiku wa Februari 1, 2024, mlipuko katika eneo ambalo EPRA ilisema maombi yake ya kibali ilikuwa imeyakataa mwaka uliotangulia, na kazi iliendelea. Sasa fikiria bafuni. Kwetu hakuna sheria inayomlazimisha mwenye nyumba kumkabidhi mpangaji cheti cha ukaguzi wa hita kila mwaka. Uingereza kuna kanuni za 1998: kifaa cha gesi cha mwenye nyumba kinakaguliwa kila mwaka na fundi aliyesajiliwa na mpangaji anapewa nakala, na tangu Oktoba 2022 kengele ya kaboni monoksaidi ni lazima katika chumba cha kupanga chenye kifaa cha kudumu cha kuchoma gesi, jiko la kupikia likiachwa nje. Bunge letu halihitaji kubuni chochote. Linahitaji kulijali bafu la mpangaji kama linavyojali ushuru wa mtungi wake.

Nirudi kwa suala la kukata kodi. Ukiacha kulipa, hata kwa sababu ya haki, unampa mwenye nyumba silaha. Sheria ya Ukamataji Mali kwa Deni la Kodi, Sura ya 293, inamruhusu kumtuma dalali kuchukua vyombo vyako, na ubishi wa hita hautasikilizwa siku hiyo. Lipa, andika kwamba unalipa ukiwa na malalamiko, na uombe kwa maandishi akuruhusu kutengeneza kisha gharama ikatwe. Akikubali, toboa. Akikataa, nenda kwa hakimu ukiomba amri, ukiwa na nakala yako yenye muhuri. Akikujibu kwa notisi ya kuhama, kwa anayelipa kila mwezi notisi hiyo haipungui mwezi mmoja, na kubadilisha kufuli au kung'oa mlango kabla ya hapo ni uvunjaji wa sheria.

Hadi hewa ya bafu irekebishwe, hita isiwashwe. Chemsheni maji jikoni, dirisha likiwa wazi, myabebe kwa ndoo. Barua kwa afisa wa afya iende wiki hii.