Ni Vita au Si Vita? Somo Kuhusu Mikataba ya Geneva

Redioni tunasikia mara kwa mara kwamba nchi fulani imevunja Mikataba ya Geneva. Wengi wetu tunaiacha habari hiyo ipite sikioni tu. Leo tuifungue tuone ndani kuna nini, kwa maana mambo haya yaliwahi kufika hapa hapa kwetu.

Tuanze na neno lenyewe. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1969, ambao ndio unaotoa kanuni za mikataba, unaeleza kwamba mkataba wa kimataifa ni makubaliano ya maandishi kati ya nchi na nchi, yanayosimamiwa na sheria ya kimataifa, hata yakiitwa jina gani. Yakiitwa mkataba, itifaki au maafikiano, ni sawa tu. Lakini hotuba ya rais, hata iwe tamu namna gani, si mkataba.

Halafu kuna kutia sahihi na kuna kuridhia. Katika kikundi, yuko mtu aliyeandika jina lake siku ya mkutano wa kwanza, na yuko yule aliyelipa kiingilio akapewa kitabu. Wa kwanza ameonyesha nia. Wa pili ndiye mwanachama, na katiba ya kikundi inamshika. Nchi nazo ni hivyo hivyo: sahihi peke yake kwa kawaida haitoshi, mpaka nchi iridhie.

Mkataba wa kwanza wa Geneva ulifanywa mwaka 1864, baada ya Henry Dunant, mfanyabiashara wa Uswisi, kuona majeruhi wa vita vya Solferino wakiachwa bila msaada mwaka 1859. Ulikuwa na vifungu 10 tu. Ile tunayoisikia siku hizi ni minne, ya tarehe 12 Agosti 1949, na ina vifungu 429: wa kwanza ni wa majeruhi wa nchi kavu, wa pili wa majeruhi wa baharini, wa tatu wa mateka wa vita, na wa nne wa raia. Nchi zote za Umoja wa Mataifa zimo.

Kifungu cha 3 ni kimoja katika mikataba yote minne, na ndicho tunachotaka kila kikundi kikijue. Kinahusu vita vya ndani ya nchi moja. Kinasema kwamba mtu asiyepigana, au aliyeweka silaha chini, au mgonjwa, au aliye kizuizini, asiuawe, asiteswe, asidhalilishwe, wala asihukumiwe bila mahakama halali. Tena kinaongeza kwamba kukitumia hakuwapi waasi cheo chochote kisheria. Maneno hayo yaliwekwa kwa sababu serikali nyingi ziliogopa kwamba zikikubali kifungu hiki, zitakuwa zimewatambua waasi.

Sasa tuje kwetu. Uingereza ilitia sahihi mikataba hii mwaka 1949, lakini haikuiridhia mpaka Septemba 1957. Katikati ya miaka hiyo, Oktoba 1952, ilitangaza Hali ya Hatari hapa Kenya. Wazee wetu walifungwa kambini, wakapigwa, wakateswa. Wangesimamia mkataba gani?

Mtu atasema, basi baada ya 1957 mambo yalitengenea. Hapana. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, wafungwa 11 walipigwa na askari mpaka wakafa, na mwanzoni serikali ikasema ati walikufa baada ya kunywa maji. Wakati huo Uingereza ilikuwa imesharidhia. Kilichobaki kuwa ukuta ni neno moja: vita. Msimamo wa wakoloni ulikuwa kwamba wanarudisha utulivu ndani ya koloni, hawapigani vita. Mikataba yenyewe haikueleza vita vya ndani ni nini hasa. Ni mwaka 1995 tu ambapo mahakama ya Yugoslavia iliyoundwa na Umoja wa Mataifa ilisema ni mapigano ya silaha ya muda mrefu kati ya serikali na vikundi vilivyojipanga, au kati ya vikundi vyenyewe.

Wazee walipokwenda mahakamani London, walidai kama mtu yeyote aliyeumizwa mwili anavyoweza kudai. Hawakusimama juu ya Mikataba ya Geneva. Mwaka 2013 Uingereza ilieleza masikitiko yake, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Wengi waliopita kambini walikuwa wamekwisha kufa.

Jambo moja linaipa mikataba hii nguvu ya pekee. Katika mikataba ya biashara, mwenzako akivunja vibaya, nawe unaweza kuiacha. Mkataba wa Vienna, kifungu cha 60, unakataza hesabu hiyo kwa masharti yanayolinda utu wa mtu. Adui akiwatesa mateka wake, wewe bado hufunguliwi. Hata nchi ikitaka kujitoa, lazima ingoje mwaka mzima, na kama imo vitani, mpaka amani ipatikane.

Kenya iliingia katika mikataba minne mwaka 1966, na itifaki mbili za 1977 ikaziingia mwaka 1999. Katiba ya 2010, kifungu cha 2(6), inasema mkataba ulioridhiwa na Kenya ni sehemu ya sheria ya Kenya. Na sheria ya mwaka 2012 inalitaka Bunge, kabla mkataba haujaridhiwa, lisikilize maoni ya wananchi.

Katika mkutano wenu ujao, kama mna mzee aliyepita kambini au mtoto wake, mpeni nafasi aseme yaliyotendeka. Kisha someni tena maneno ya kifungu cha 3 pole pole, mwone ni yapi kati ya hayo yaliyokatazwa, na mjadiliane: je, ingefaa kweli ulinzi wa mfungwa utegemee jina ambalo serikali yake imeyapa mapigano?