Samadi Mbichi Ina Neema na Madhara

Mvua zinapokaribia wengi wetu husomba samadi kutoka zizini na kuimwaga kwenye majani ya ng'ombe. Ni kazi njema. Lakini siku chache baadaye tunamtuma mtoto akate majani yale yale, naye akirudi anashika ugali bila kunawa. Usiku tumbo linamsokota. Kosa liko wapi?

Samadi ina naitrojeni, fosforasi na potasiamu, ambavyo ni chakula cha majani. Hata hivyo, mizizi haiwezi kutumia kinyesi kama kilivyo. Bakteria wa udongoni hukiozesha polepole mpaka chakula hicho kiyeyuke katika maji. Bakteria hao ni rafiki zetu.

Kinyesi kibichi kina wengine pia, kama E. koli na salmonela, waletao kuhara na homa, pamoja na mayai ya minyoo ya mifugo. Mvua huweza kuwapeleka hadi kisimani. Tena naitrojeni hupotea: ile harufu kali ya zizini ni mbolea inayoruka hewani.

Tufanye nini?

1. Tulundike samadi kivulini pamoja na majani makavu, tufunike kwa majani ya migomba. Joto la ndani likifika nyuzi 55 na zaidi kwa siku kadhaa, huua vijidudu wengi na mayai ya minyoo. Tuchomeke kijiti kirefu. Tukikichomoa kiwe cha moto.

2. Tupindue lundo kila baada ya wiki mbili au tatu, ili samadi ya nje iingie ndani. Tungoje miezi mitatu.

3. Tuitie shambani mara baada ya kukata majani, kisha tusikate wala kulisha hapo kwa wiki nne.

4. Lundo liwe mbali na kisima, angalau mita 30, na upande wa chini yake.

5. Tuvae viatu, na tunawe kwa sabuni.

Jambo moja tusilisahau: vijidudu vya pepopunda hustahimili joto la lundo. Kwa hiyo kila kidonda kioshwe vizuri, akina mama wajawazito wapate chanjo, na kitovu cha mtoto mchanga kisipakwe kinyesi cha ng'ombe kamwe.

Ardhi ni zawadi ya Mungu, na watoto vilevile. Tusirutubishe malisho kwa gharama ya afya ya watoto wetu.